Mtumiaji Hajali? Osaka 1975 na Uvivu Wetu wa Hifadhidata

Ugomvi wa leo ni na watu wa kazi yangu. Sio na wanamuziki, sio na mawakili wa kampuni za rekodi, wala sio na serikali (hao wana siku yao). Ni na sisi tunaoandika programu, hasa wale wanaotengeneza programu za kusikiliza muziki na hifadhidata zilizo nyuma yake. Kuna sentensi moja ambayo siku hizi inasemwa mikutanoni kama sala: "Mtumiaji hajali." Mtumiaji hajali ni nani alipiga gita. Mtumiaji hajali rekodi ilifanywa wapi. Mpe picha ya jalada na kitufe cha kucheza, basi, kazi imeisha.

Nasema huo ni uongo, tena uongo wa mvivu. Ushahidi wangu ni rekodi iliyofanywa Japani siku moja tu ya mwaka 1975.

SIKU YENYEWE

Jumamosi tarehe 1 Februari 1975, Miles Davis na bendi yake walipiga mara mbili katika Festival Hall, mjini Osaka: mchana, halafu jioni. CBS/Sony ya Japani ilinasa maonyesho yote mawili kwa mafundi wake yenyewe, na fundi mkuu wa sauti alikuwa Tomoo Suzuki. La mchana likawa albamu ya santuri mbili iitwayo Agharta, iliyotoka Japani mwaka huohuo wa 1975. La jioni likawa Pangaea, santuri mbili nyingine, mwaka 1976. Wajapani ndio waliopata Agharta kwanza. Pangaea nayo, Wamarekani walisubiri zaidi ya miaka kumi kabla haijatolewa kwao.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Lakini Miles ni Mmarekani!" Sawa. Bendi ni ya Wamarekani, rekodi ni ya Wajapani. Walioamua siku hiyo ihifadhiwe walikuwa Japani, mafundi walikuwa wa Japani, jina Agharta (mji wa chini ya ardhi katika hekaya) lilipendekezwa na kampuni ya Japani, na mchoro wa jalada la Kijapani ni wa Tadanori Yokoo. Hata kwenye karatasi za ndani waliandika ombi: kadiri nyumba yako inavyoruhusu, ongeza sauti hadi mwisho. Hebu niambie, ni programu gani kwenye simu yako iliyo na safu ya kuweka maagizo ya aina hiyo?

Waliokuwa jukwaani ni hawa:

- Miles Davis: tarumbeta yenye pedali ya wah-wah, na kinanda cha umeme
- Sonny Fortune: saksafoni na filimbi
- Pete Cosey: gita, sintesaiza, ala za kugongwa
- Reggie Lucas: gita
- Michael Henderson: gita la besi
- Al Foster: dramu
- Mtume: konga na ala nyingine za kugongwa

Watu saba. Davis alikuwa mgonjwa, nyonga inamuuma, na baada ya mwaka huo aliacha kupanda jukwaani kwa miaka kadhaa. Bendi aliiongoza kwa ishara: anatoa ishara, wote wananyamaza kwa mpigo, kimya kinatanda, halafu wanaingia tena kama mlango uliopigwa teke. Ukisikiliza bila kujua gita ni mbili, na kwamba mmoja anashikilia mdundo na mwingine anapasua mawingu, utasikia fujo. Ukijua, utasikia mazungumzo. Tofauti kati ya fujo na mazungumzo hapo ni mistari saba ya maandishi. Mistari ambayo sisi tumeona haina haja.

BAITI 128

Tatizo lilianza wapi? Turudi 1996. Faili za MP3 zilikuwa hazina mahali pa kuandika jina la wimbo. Mtu mmoja aitwaye Eric Kemp akabuni njia rahisi: bandika baiti 128 mwishoni mwa faili. Ndiyo ID3v1. Hesabu yake ni hii:

- alama ya utambulisho: baiti 3
- jina la wimbo: 30
- msanii: 30
- albamu: 30
- mwaka: 4
- maoni: 30
- aina ya muziki: 1

Jumla 128. Kwa wakati wake ilikuwa kazi nzuri na simlaumu Kemp hata kidogo. Diski zilikuwa ndogo, intaneti ilikuwa ya simu ya mezani, na alitatua tatizo lililokuwepo.

Lakini jaribu kuweka Osaka humo. Safu ya msanii ina herufi 30. Anza kuandika bendi: "Miles Davis, Sonny Fortune, Pe". Imejaa! Pete Cosey amebaki "Pe", na wenzake wanne hawakuzaliwa. Aina ya muziki ni namba moja tu. Jazi ni 8. Funk ni 5. Jazz+Funk ni 29. Fusion ni 30. Chagua moja na ukae kimya, ingawa bendi ile ilipitia zote ndani ya nusu saa. Mwaka una nafasi ya tarakimu nne, lakini ni mwaka upi? Wa kurekodiwa, wa kutolewa Japani, au wa kutolewa upya kwenye CD? Hakuna pa kueleza.

Mwaka 1997 Michael Mutschler akachukua baiti mbili kutoka safu ya maoni ili kuweka namba ya wimbo. Mwaka 1998 ikaja ID3v2, na toleo lake la 2.4 la mwaka 2000 lina mahali rasmi pa kuorodhesha kila mpigaji na ala yake. Nasema tena: tangu mwaka 2000 mahali papo, na ni bure. Halafu watu wenye seva za mabilioni ya shilingi wakaketi, wakachora jedwali la msanii, albamu, wimbo na mwaka. Walichora upya baiti 128 za 1996, ila sasa picha ya jalada ni kubwa zaidi.

Kemp alikuwa na sababu. Ninyi sababu yenu ni ipi?

KOSA LENYE MIAKA HAMSINI

Sasa sikia kitu kitakachomwumiza kichwa yeyote anayependa data safi. Kwenye Agharta kuna vipande viwili vilivyoandikwa "Interlude" na "Theme from Jack Johnson". Majina hayo yamebadilishana. Kinachoitwa hiki ni kile, na kile ni hiki. Kosa liko kwenye jalada na kwenye lebo ya santuri, na limerithiwa toleo baada ya toleo, kutoka santuri hadi CD, kutoka CD hadi faili.

Mtu wa kawaida atasema, "Si wabadilishe tu?" Hapana, mambo si rahisi hivyo, na hapa ndipo anapojulikana msanidi aliyesikiliza somo la hifadhidata mwaka wa pili. Ukibadilisha jina, programu yako haitalingana tena na jalada ambalo msikilizaji ameshika mkononi. Usipobadilisha, unaendelea kudanganya. Jibu sahihi ni kwamba hivi ni vitu viwili tofauti: kuna jina lililochapishwa, na kuna utunzi unaopigwa. Weka vyote viwili, uviunganishe, kisha ueleze. Hilo haliwezekani kama wimbo mzima kwako ni mfuatano wa herufi kwenye safu inayoitwa "jina".

Yaani muundo mbovu haukosi tu habari. Unazuia hata marekebisho.

MTUME NI NANI?

Hapa Waswahili tuna la kusema kuliko watu wa Osaka na New York. Mpigaji wa konga siku ile alizaliwa James Forman, Marekani, na baba yake mzazi ni mpiga saksafoni Jimmy Heath. Jina Mtume alilichukua alipokuwa katika US Organization ya Maulana Karenga huko California, miaka ya 1960, kundi lililowapa wafuasi wake majina ya Kiswahili. Huyuhuyu ndiye aliyempa Herbie Hancock jina Mwandishi, na Hancock akaliweka kwenye jalada la albamu yake ya 1971. Wenzake Hancock nao wakapata yao: Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, Eddie Henderson akawa Mganga. Lugha yetu ilifika jukwaani Osaka kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sasa nenda kwenye programu ya muziki uandike "Mtume". Usishangae ukiletewa kwaya na mahubiri, maana kwetu neno lina kazi yake. Lakini hata ukiondoa hayo, kuna angalau vitu vitatu tofauti vyenye jina hilo katika hadithi hii moja: Mtume mtu, Mtume bendi, aliyoiunda baadaye na iliyotoa "Juicy Fruit" mwaka 1983, na "Mtume" wimbo, ulio kwenye albamu ya Davis ya 1974, Get Up with It. Mtu, bendi, wimbo. Herufi tano zilezile.

Kila mwanafunzi wa kompyuta anafundishwa kwamba jina si kitambulisho. Wanjiku wako wangapi Kenya? Benki yako ingetumia jina badala ya namba ya kitambulisho ungeipeleka mahakamani. Lakini mwanamuziki tunamtambua kwa jina, na akishachanganywa na mwingine tunasema "hiyo ni shida ya data kutoka kwa kampuni ya rekodi". Hapana! Ni shida ya aliyeweka jina mahali pa ufunguo.

Na hili si suala la waliosikiliza tu. Reggie Lucas, yule kijana wa gita la mdundo pale Osaka, aliandika pamoja na Mtume "The Closer I Get to You" iliyoimbwa na Roberta Flack na Donny Hathaway, kisha akatayarisha sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya Madonna, ya 1983. Kutoka Osaka hadi Madonna ni hatua moja, ikiwa hifadhidata inajua kwamba Reggie Lucas ni mtu. Kama haijui, hapo pana ukuta. Halafu tunalipa wahandisi kutengeneza algoriti za kukisia kwamba "waliosikiliza hiki walisikiliza na kile". Unakisia nini wakati jibu lilikuwa limeandikwa nyuma ya jalada?

MILISEKUNDE 26 NA SEKUNDE 30

Wacha niguse uchezaji kidogo. Onyesho la jukwaani halina mapengo. "Prelude" inaingia "Maiysha" bila mtu kupumua. Lakini MP3 inahifadhi sauti kwa fremu za sampuli 1152, ambazo kwa 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 26. Muziki usipojaza fremu ya mwisho, programu ya kubana inajazia kimya, na mwanzoni pia inaongeza ucheleweshaji wake. Programu ya LAME inaandika kwenye faili ni sampuli ngapi za kukata ili vipande viungane. Mchezaji wa sauti anayepuuza maandishi hayo anakupa shimo katikati ya bendi. Tatizo lina dawa ya miaka mingi, na bado unakutana na programu mpya inayokatakata tamasha kama mkate.

Kisha kuna kuchanganya nyimbo. Ilibidi Adele alalamike, Novemba 2021, ndipo Spotify ikaondoa kitufe cha kuchanganya kuwa chaguo la kwanza kwenye ukurasa wa albamu. Nyota wa dunia nzima alihitajika ili albamu ichezwe kwa mpangilio wake! Mpiga nyatiti wa Siaya au mpiga piano wa Sapporo angesikilizwa na nani?

Na pesa je? Spotify inahesabu usikilizaji mmoja baada ya sekunde 30. Sehemu ya kwanza ya tamasha la jioni, "Zimbabwe" kwenye Pangaea (jina hilo lilichapishwa kabla nchi yenyewe haijapata uhuru mwaka 1980), ina zaidi ya dakika 40. Dakika 40 ni vipande 80 vya sekunde 30. Hesabu ya kampuni inasema yote hayo ni moja, sawa na wimbo wa nusu dakika. Tangu 2024 pia, wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi chochote huko. Miles Davis atafikisha. Watatu waliorekodi usiku mmoja katika kilabu kidogo cha jazi mwaka 1974 huenda wasifikishe. Hizo ni kanuni za biashara, ndiyo, lakini kuna mtu aliandika mstari wa msimbo unaosema 30.

"LAKINI ALGORITI IMESAIDIA"

Nawapa hoja yao kubwa, kwa sababu ni ya kweli. Ryo Fukui, mpiga piano wa Sapporo, alitoa Scenery mwaka 1976 na kwa miongo mingi haikujulikana sana nje ya Japani. Miaka ya 2010 mapendekezo ya YouTube yakaanza kuisukuma kwa watu ambao hawakuwahi kutafuta jazi ya Kijapani. Mamilioni wakaisikia. Fukui alifariki 2016. Hongera kwa algoriti, sina kinyongo.

Ila tazama kilichotokea baadaye. Watu walipoipenda walianza kuuliza: besi ni nani? Dramu ni nani? Wapi pengine walipiga? Hawakupata majibu kwenye mashine iliyowaletea. Waliyapata kwa mashabiki wenye santuri mikononi, walioandika kila kitu kwa mkono. Algoriti ilifungua mlango. Nyumba ilikuwa imejengwa na watu wengine.

Na hapa ndipo ile sala ya "mtumiaji hajali" inapokufa kabisa. Ni nani aliyejaza hifadhidata ya CDDB katika miaka ya 1990? Watumiaji, wakichapa majina ya nyimbo CD moja baada ya nyingine, bila malipo, mpaka ikageuzwa biashara. Ni nani wanaoijaza Discogs tangu 2000, hadi namba zilizochongwa karibu na kitovu cha santuri? Watumiaji. Ni nani wanaoijaza MusicBrainz, aliyoianzisha Robert Kaye mwaka huohuo, ambamo unaweza kuandika kwamba mtu huyu alipiga ala hii, ukumbi huu, tarehe hii? Watumiaji! Hawa ndio wanaoitwa hawajali. Wamefanya kazi yetu usiku, kwa hiari, miaka ishirini na zaidi, na sisi tunaolipwa mshahara tunasema hakuna haja.

Wajapani walijua hili mapema. Kampuni ndogo ya Three Blind Mice, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1970 na Takeshi Fujii, ilimfanya hata fundi wa sauti, Yoshihiko Kannari, kuwa jina ambalo wanunuzi walilitafuta kwenye jalada. Fundi! Kwenye simu yako leo hata mpiga dramu ana bahati akionekana. Ndiyo, baadhi ya programu zimeanza kuonyesha waliohusika. Bonyeza nukta tatu, teremka, bonyeza tena, na mara nyingi utakuta watunzi na prodyuza tu.

KINACHOTAKIWA

Sitaki kulalamika bila kupendekeza. Kama unajenga chochote cha muziki, hata kama ni cha nyimbo za mtaani kwenu, anza na haya:

1. Rekodi ni kitu chake, si safu ndani ya albamu. Ina tarehe, mji na ukumbi. Agharta na Pangaea ziwe na siku moja na ukumbi mmoja, ili mtu akiuliza "ni nini kingine kilirekodiwa hapo siku hiyo" apate jibu.

2. Mtu ana namba yake. Majina yake yote, ya kuzaliwa na ya kujipa, yanaelekeza kwenye namba hiyo.

3. Kati ya mtu na rekodi kuna uhusiano wenye ala. Hapo ndipo mtu anaweza kuuliza, "nionyeshe bendi za watatu zisizo na besi," na akaletewa Clay ya 1974, Yosuke Yamashita kwenye piano, Akira Sakata kwenye saksafoni, Takeo Moriyama kwenye dramu, moja kwa moja kutoka tamasha la Moers, Ujerumani. Hakuna kukisia hapo. Ni swali la kawaida la hifadhidata.

4. Mwaka wa kurekodi na mwaka wa kutoa ni safu mbili. Jina lililochapishwa na utunzi wenyewe ni safu mbili.

5. Usikate kisichokatika.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji akili bandia. Ni jedwali nne au tano na adabu kidogo.

Kwa nini nina haraka? Kwa sababu hii. Miles Davis alifariki 1991. Pete Cosey, 2012. Sonny Fortune na Reggie Lucas, 2018. Mtume na Michael Henderson, 2022. Al Foster, 2025. Wote saba wameondoka. Hakuna wa kumpigia simu kumwuliza ile filimbi ilikuwa ya nani, au gita lile la kushoto ni la nani. Hata hivyo wao wana bahati: walirekodiwa na watu walioandika. Bendi zetu za miaka hiyohiyo ya 1970 zilizorekodi Nairobi zinapakiwa mtandaoni kila wiki zikiwa na jina la bendi tu, na baadhi ya wapigaji wako hai, mzee yuko kijijini, simu anayo. Bado kuna wa kuulizwa.

Kwa hiyo ukikaa kwenye mkutano kesho na mtu aseme mtumiaji hajali, mwulize swali moja: katika muundo wako, mpiga konga anawekwa wapi? Akikosa jibu, msifunge mkutano.